Siku niliyoipima hofu ya majlisi nzima

Chekeni tu, mie mwenyewe nimeshacheka mpaka mbavu zikahama, lakini siku ile hapa Ibra, Omani, nilitamani mchanga wote wa jangwa la Wahiba uje unifukie na mji usahau kama niliwahi kuzaliwa.

Chanzo ni Daktari Ramiro, Mhispania wa kliniki ninayokaa mapokezi. Alikuwa na maswali waliyokwisha kuulizwa Wahispania wa kwao, ya kupima wasiwasi wa dini, yaani mtu kuogopa dhambi hata pasipo na dhambi, akarudia ibada mpaka ikamuumiza. Akataka kuona kama wazee wetu waliorudi huku kutoka Unguja na Pemba watayaelewa kwa Kiswahili. Mie, mhitimu wa masomo ya usiku ya Kihispania, nikamwambia niachie mimi (ungenisikia ungedhani nimenyonyeshwa Madrid).

Na mie nilikuwa na langu. Mjomba Suleiman alikuwa akitia udhu, akiurudia, akiurudia tena, mpaka mikono imempasuka, Ijumaa inasaliwa inakwisha yeye bado yuko mferejini. Mkewe akija kwa mama kulia. Ukimtajia daktari anasema, "Mie si mwendawazimu." Nikaona haya maswali ndiyo mlango wa kumpitishia.

Daktari aliniusia niulize mmoja mmoja, faraghani. Nikaona uvivu. Wazee wote wamo majlisi ya baba kila Alhamisi, kahawa ipo, halua ipo, nizunguke Ibra yote na jua hili kwa lipi? Basi nikamleta daktari kama mgeni wa kahawa, nikamkalisha pembeni, nikasimama katikati, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Unaogopa adhabu ya Mungu kiasi gani, toka sifuri mpaka nne?"

Sasa nani, mbele ya imamu na wakwe zake, atasema sifuri?

"Nne," akasema Ami Harith, mdogo wake baba.

"Mie nitilie sita," akasema imamu.

"Sheikh, mwisho nne."

"Mwisho wako weye. Tia sita."

"Kama sheikh sita," akasema Ami Harith, "mie saba. Nilijizuia kwa adabu tu."

Kutoka hapo ikawa mnada, swali baada ya swali. Mwisho nikajumlisha, na (elimu ya usiku hiyo) nikatangaza kwamba kwa kipimo hiki majlisi nzima ni wagonjwa, na anayeongoza ni imamu.

Vikombe vikasimama hewani. Imamu akamgeukia baba. "Abdalla, mwanao ananambia mie mwendawazimu?" Watu wote wakamtazama daktari, naye, asiyejua neno la Kiswahili, akatabasamu na kutikisa kichwa kukubali. Baba akaanza kutafuta kiatu chake, na si kwa kuvaa.

"Subirini," ikasema sauti mlangoni. Mjomba Suleiman, aliyekuwa kakaa hapo penye viatu tangu mwanzo, jasho linamchuruzika. "Mie bado nipo swali la kwanza."

Akahesabu kwa vidole vyake vilivyopasuka.

"Nikisema nne na ikawa ni tatu, nimesema uwongo. Nikisema tatu na ikawa ni nne, nimejifanya simwogopi Mungu. Nyie mnajibu vipi upesi hivyo?"

Imamu akaitazama mikono ya Mjomba, ile mipasuko. Halafu akaenda akakaa chini ubavuni mwake.

"Suleiman, mie nilitia sita ili nimpite Harith. Hapa mgonjwa ni weye, na muongo ni mie. Weye nenda kwa daktari, mie nitatubu."

Mjomba akacheka. Wallahi akacheka, kicheko tulichokuwa tumekisahau, na majlisi nzima ikacheka naye, na imamu mwenyewe akampeleka kliniki kwa gari lake.

Leo Mjomba anatia udhu mara moja, siku mbaya mara mbili. Ijumaa iliyopita nimemkuta safu ya mbele, mie nimechelewa, nasali nje juani. Nimeapa sitomuuliza tena mtu hofu yake mbele za watu. Lakini nitajieni mwengine mkoa mzima wa Sharqiyah aliyemponya mjomba wake kwa kuitukana majlisi nzima.