Uji wa baba mkwe ulivyotaka kunipeleka kupasuliwa: kisa cha tumbo langu na kipimo cha mwendo wa damu

Wakuu, nawasalimu nyote, wa bara na wa visiwani.

Haya sikuhadithiwa. Tumbo ni langu, aibu ni yangu, na mzee mnayekwenda kukutana naye humu yuko hai, akitaka kunipinga atanipinga.

Wanaonifahamu humu wanakumbuka nilivyokuwa nikiwakejeli wachuaji. Mtu akileta uzi wa kuchuliwa tumbo, mimi ndiye wa kwanza kuandika "acha ushamba, nenda hospitali". Wekeni hilo akilini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu iko Chake Chake, nyumbani ni Vitongoji. Sijafika arobaini.

Baada ya Ramadhani nikaanza kuumwa na tumbo kila nikila. Nusu saa baada ya kuosha mikono, maumivu haya hapa, katikati, juu ya kitovu. Nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, nikamaliza dozi, hali ile ile.

Nikaanza kukiogopa chakula. Mke wangu Saada anapika wali na mchuzi wa samaki changu, mimi natafuna vijiko vitatu nasema nimeshiba. Mkanda nikautoboa tundu jipya kwa msumari. Kila nikijitazama kwenye kioo nasema moyoni, hii ni kansa, basi tu hawajaniambia.

Ndipo Saada alipomleta baba yake.

Mzee Kombo ni mchuaji. Vitongoji nzima inaijua mikono yake, na yeye mwenyewe anaijua zaidi kuliko wote. Sasa fikirieni, wakuu, unavua shati unalala chali mbele ya baba mkwe wako, anakutia mafuta ya nazi kitovuni. Nilitamani mkeka unimeze.

Akaweka vidole juu ya kitovu, akafumba macho kusikiliza mapigo.

"Lapiga sana. Chango limepanda hili. N'takuchua siku saba, usikose hata moja."

Chango kwa wachuaji ni ugonjwa wa tumbo, wanasema hupanda na kushuka. Mzee ana masharti yake. Anachua alfajiri baada ya swala, tumbo tupu, na akimaliza tu lazima unywe bakuli la uji wa mchele wenye pilipili manga, moto moto. Bila uji, anasema, kazi yote imeharibika. Na sharti la mwisho: "Usende ukansemea spitali." Zamani kuna mganga mmoja wa zahanati aliwahi kumfokea mbele za watu, na hajalisahau mpaka leo.

Nikakubali yote. Niseme kweli, nikichuliwa nilikuwa napata nafuu, ila inadumu mpaka mchana tu.

Sasa, huku nyuma nilikuwa nimeshapanga miadi Chake, kwa daktari mmoja mzaliwa wa Wete, tumwite Dk. Rahma. Huyu alisomea nje udaktari wa tiba ya mikono, wanaita osteopathy. Ila kabla ya kukugusa anakupima kwanza, na anacho kipimo cha ultrasound kinachoonyesha damu inavyokwenda ndani ya mishipa ya tumbo. Sharti lake lilikuwa moja: usile wala usinywe chochote tangu usiku.

Miadi ikaangukia siku ya tano ya kuchuliwa.

Mnaona linakokwenda?

Alfajiri Mzee Kombo kaja na mafuta yake. Nikamwambia nina kipimo. Akasema siku ya tano hairukwi. Sikuwa na ubavu wa kubishana na mkwe, nikachuliwa, nikanywa uji mpaka chini ya bakuli. Saada akamwomba baba yake anisindikize, tukaondoka naye.

"Umekula chochote?" Dk. Rahma akauliza.

"Hapana, daktari."

"Kuna mtu amekuchua au kukukanda tumbo?"

Mimi, bingwa wa kuwaita watu washamba, niseme ndiyo? "Hapana kabisa."

Akapaka ile jeli ya baridi, akaanza kupima. Mashine ikawa inatoa sauti, shuu, shuu, shuu. Akarudia mara mbili. Wakuu, daktari akinyamaza huku anatazama skrini, unakumbuka dhambi zako zote.

Akasema ndugu yangu aliyenisindikiza aingie.

Mzee Kombo akaingia, kofia mkononi. Dk. Rahma akatueleza taratibu. Mshipa mkubwa unaolisha utumbo, damu inapita kwa kasi kuliko anavyotarajia kwa mtu ambaye hajala. Ukichanganya na maumivu baada ya chakula na kukonda, anahofia mshipa umebana. Hawezi kunifanyia tiba ya mikono. Itabidi niende Unguja kwa kipimo kikubwa, na ikithibitika, huenda nikafanyiwa upasuaji.

Nikamfikiria Saada na wanangu wawili. Na bado, wallahi, nilikuwa nimefunga mdomo. Niliona bora nipasuliwe kuliko kumvunjia mkwe ahadi.

Mzee Kombo ndiye aliyesimama.

"Daktari, nimenchua mie leo alfajiri. Na uji kanywa, nimempa kwa nkono wangu. Nilimwambia asiseme. Msinkate mwanangu kwa ajili yangu."

Mzee yule mwenye majivuno, sauti ilikuwa inatetemeka. Nilitazama sakafu.

Dk. Rahma hakumfokea. Alivuta kiti, akasema, "Ahsante, baba. Kaa. Uji alikunywa saa ngapi?"

Akatueleza kwamba mtu akila, hata uji, damu nyingi inakimbilia tumboni kulisha utumbo, na kasi kwenye mishipa inapanda. Hata mikono, ya mchuaji au yake yeye, inaweza kuubadilisha mwendo wa damu kwa muda. Picha ya leo haiaminiki, akasema, turudi baada ya siku mbili, bila uji wala kuchuliwa.

Siku ya kipimo cha pili, Mzee Kombo alikaa mlangoni kwangu tangu alfajiri na tasbihi yake. Nikienda kusukutua mdomo ananifuata kuangalia nisimeze maji.

Tukapima.

Damu kawaida. Mshipa hauna dalili ya kubana.

Nililia, wakuu. Nililia pale pale kitandani na jeli yangu tumboni, na sioni haya kusema. Mzee akasema "Alhamdulillahi" kama mara kumi, halafu akaomba aisikie tena ile sauti ya mashine.

Kumbe tatizo lilikuwa nini? Baada ya vipimo vingine, Dk. Rahma alisema misuli chini ya mbavu na kiwambo cha pumzi, kile kinachotenga kifua na tumbo, vimekaza. Kazi yangu ni kuinama kutwa huku nimebana pumzi nisivute moshi, nakula haraka haraka, choo kigumu. Na kukonda kulitokana na kukiogopa chakula.

Akanifanyia tiba ya mikono, taratibu sana, chini ya mbavu, huku napumua anavyoniagiza. Akapima tena, damu ya kulisha utumbo ikawa imeongezeka kidogo. Mimi nikashangilia. Yeye akanituliza, "Hiyo ni ya muda mfupi, haisemi umepona. Kupona kutaonekana kwenye sahani yako."

Nilirudi kwake wiki kadhaa, nikabadilisha namna ya kukaa kazini. Maumivu yakapungua polepole mpaka yakaisha. Lile tundu la msumari silitumii tena.

Mzee Kombo bado anachua. Ila siku hizi mtu akifika, kabla hajafungua chupa ya mafuta anamuuliza, "Una kipimo lini?" Ukiwa nacho karibu anakurudisha kwenu.

Nililojifunza: daktari anasoma mwili pamoja na maneno yako. Ukimdanganya, atatibu uongo wako. Na wale wote niliowaita washamba humu, nisameheni, mshamba nilikuwa mimi niliyeona aibu.

Kama kuna kitu umemficha daktari wako, kiandike hapa chini upate mazoezi, halafu kesho kamwambie mwenyewe. Nitasoma zote nikirudi. Saada ameshapakua, na leo nina njaa.