Machozi ya Mawese

Najua mmeshaisikia habari hii kwa watu, tena imetiwa chumvi, kwa hiyo kaeni niwaambie mimi mwenyewe niliyeaibika msibani ukweni Ipinda, huko Kyela, mbele ya jeneza, na hadi leo nikikumbuka aibu hunishika kwanza, halafu hasira inaifukuza.

Nilikuwa na brusela, bakteria wa maziwa mabichi waliotembea mwilini mwangu mpaka wakaingia kwenye uti wa mgongo, na daktari akanipa antibayotiki za kumeza miezi mingi bila kuruka siku. Akanionya kwamba kidonge kimojawapo hugeuza mkojo, jasho, hata machozi, yakawa rangi ya chungwa. Nikacheka (mwanaume wa ziwani, machozi nayatoa wapi). Ukweni sikusema kitu, maana maziwa yenyewe niliyanywea kwao, baba mkwe alinikamulia kwa mkono wake na kunipa kikombe bado kina uvuguvugu, na mimi Mkisi, mvuvi wa Ziwa Nyasa, niliyeoa kwa Wanyakyusa wenye mashamba ya mpunga ningeanzia wapi kukataa?

Basi mzee akafariki (moyo, si brusela). Mke wangu Tusekile akaniambia, "Baba Neema, chukua leso nyeusi." Nikachukua nyeupe, nionekane mkwe wa maana. Kosa lenyewe ndilo hilo, leso tu.

Nilimpenda yule mzee. Jeneza lilipofunguliwa nililia kweli kweli, nikafuta, nikalia tena, nikafuta, na joto la Kyela mnalijua, kola nayo ikaanza kubadilika rangi, nikasikia minong'ono, mara shemeji Ambokile, kaka yake Tusekile, akaninyang'anya leso akaiinua watu wote waione.

"Shemeji, umepaka mawese ili tuone unalia?"

Akainusa. Watu wazima wakapokezana leso yangu kuinusa kama wananunua mafuta sokoni, mzee wa kanisa akiwemo (alisema hainuki mawese, ila huenda ni ya zamani). Mimi niliyefiwa, naambiwa naigiza kilio.

Hapo ulimi ukateleza. "Ni dawa," nikasema kwa sauti iliyowafikia hata wapishi nje, "na ugonjwa nimeupata kwa maziwa ya ng'ombe wa hapa hapa."

Nilikuwa nimemtukana marehemu, ng'ombe wake na ukoo mzima kwa pumzi moja. Tusekile akainamisha kichwa.

Mama mkwe, aliyeketi mkekani karibu na jeneza, akaniuliza polepole, "Mwanangu, homa yako huja jioni, asubuhi ikaondoka? Na mgongo unauma?"

Nikaitikia.

"Mimi pia, muda sasa. Nilidhani ni uzee."

Matanga yalipoisha tukampeleka hospitali, na vipimo vikaonyesha ni ile ile, akaanza kumeza ninavyomeza mimi. "Ndaga fijo," alinishukuru njiani, "ila ungesema mapema."

Siku ya kusimika msalaba kaburini mama alilia, machozi ya chungwa yakashuka hadi kwenye blauzi yake nyeupe, na mnadhani kuna aliyenusa? Ambokile yule yule alipiga magoti akampangusa taratibu, wala neno mawese halikutajwa.

Mimi nimeapa, cha kuniumiza nikipewa ukweni nitasema siku hiyo hiyo, na msibani sibebi tena leso nyeupe. Hata ningetaka, yangu bado anayo Ambokile. Ndiyo aliyompangusia mama.