Mama na Mkwewe Kwenye Picha Nyembamba

Kila wiki tulirekodi video fupi ya asali, nami nikaitengeneza mara mbili: pana kwa runinga, nyembamba kwa simu. Mama yangu, mfugaji nyuki wa Sikonge, aliketi mwisho huu wa mkeka akieleza. Mume wangu aliketi mwisho ule akiuliza, macho chini. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake.

Kwenye runinga nafasi ilitosha. Kwenye simu, kila nilipoikata picha, mmoja wao alitoka. Niwaambie wasogeleane? Labda niwe nimerukwa na akili.

Mwishowe nilitenga vipande viwili nikavipandanisha, mama juu, mume wangu chini. Nilipoicheza, nikaona nilichofanya. Sasa walikuwa karibu kuliko walivyowahi kukaa maisha yao yote.

Nilimpa mama simu. Akatazama, nami nikaanza kujitetea bila kuulizwa. Kisha akaweka kidole gumba juu ya uso wa mkwewe, akaangalia video mpaka mwisho.

“Mimi nimemfunika,” akasema akinirudishia. “Sikonge nzima wakitazama, nani atawafunikia uso wake?”