Kondoo Jike wa Mzee Idder

Mwaka ule mfalme wetu wa Moroko alipotangaza kwamba Sikukuu ya Kuchinja ipite bila kuchinja, mimi niliona sawa tu. Ukame ulikuwa umemaliza kondoo milimani, na waliobaki, hasa majike, waachwe wazae. Tena sisi tusionacho tulipumua. Kwa mara ya kwanza hapa Khenifra hapakuwa na jirani wa kunyoosha shingo kuona umefunga dume gani uani.

Aliyenitia huruma ni Mzee Idder, mchinjaji wa mtaa wetu. Kila Sikukuu alipita nyumba kwa nyumba na mabuti yake ya mpira, na watoto nyuma yake wakipiga kelele.

"Likizo hiyo, Mzee!" nilimtania.

"Likizo gani, Itto? Tuda hatafika Sikukuu nyingine."

Nikajuta ulimi wangu. Tuda, mkewe, alikuwa kitandani tangu majira ya baridi, tumbo halipokei kitu ila chai. Alichotamani ni kimoja: ini la Sikukuu, lile tunalolivingirisha kwenye utando wa mafuta ya kondoo na kulichoma siku ileile. Na buchani ini lilikuwa limekwisha. Watu walilivamia hao, utadhani matumbo yao hayakusikia tangazo!

Basi mzee akatafuta kwa mlango wa nyuma. Madume walikuwa wamefichwa, ila mchuuzi mmoja pembeni mwa soko alimuuzia jike, haraka haraka, uso chini. Alfajiri ya Sikukuu akanigongea nikamshikie miguu.

"Umempapasa tumbo huyu?" nikamuuliza.

"Wewe mwanamke! Nimeanza kuchinja hujazaliwa, leo unifundishe?"

Nikashika miguu. Lakini maisha yake yote yule mzee alichinja madume wa Sikukuu tu. Hakuwa amezoea majike, na manyoya yalikuwa mengi, yameficha tumbo.

Alipompasua, mkono wake ukasimama. Ndani walikuwa wawili, wameshaota manyoya, bado siku chache tu wazaliwe. Walikuwa wameshakufa. Mzee Idder alikaa chini pale pale kwenye damu. "Astaghfirullah," akasema, "astaghfirullah," mpaka nikamwambia basi, Mzee, ini litaharibika. Ndiyo, nilisema hivyo. Ningesema nini?

Nililichoma mwenyewe. Harufu ilipotoka, madirisha ya mtaa yakafungwa moja baada ya jingine. Tuda alikuwa ameketi, amejifunga kitambaa kipya, macho yanang'aa kama msichana. Mungu wangu, alivyokuwa na furaha!

"Mbona umelia?" akamuuliza mumewe.

Angedanganya! Angesema moshi! Lakini wale wawili hawakujua kudanganyana.

"Alikuwa na mimba, Tuda. Mapacha."

Tuda aliutazama mshikaki. Akameza mate, niliona koo likipanda na kushuka. Kisha akaisukuma sahani polepole.

"Mimi nakufa, Idder. Wale walikuwa wanakuja. Kawape majirani."

Nilizunguka na ile sahani mtaa mzima. Hakuna aliyefungua.

Tuda alizikwa kabla ya mwezi kuisha, na hamu yake ile ile. Sikukuu iliyofuata kuchinja kulirudi, nasi kwa kudunduliza tukapata dume letu dogo. Nikamgongea Mzee Idder. Alikuwa amevaa mabuti, ameketi kitandani, upande aliokuwa akilala Tuda.

"Twende, Mzee, watu wanakungoja."

"Nimeshindwa kuinuka, Itto," akasema. "Tangu alfajiri najaribu."