Shida za Kugawiwa

Kwa Mama Vyeti maji hayakuwa yakibisha hodi. Mvua ikinyesha nusu saa tu, yaliteremka kutoka barabara ya juu, yakaingia chumba cha mbele penye cherehani, kisha yakajikaribisha hadi chumba cha nyuma. Mwaka jana yalimharibia sare za shule nzima, akalia, akanyamaza. Mwaka huu katika chumba cha nyuma walilala mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, na mtoto mchanga wa wiki tatu, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Msimu wa mvua ulikuwa umebakiza siku kumi kuanza, na hofu ilikuwa imemnyima hata hamu ya kula.

Jina la Vyeti alipewa na majirani, wala hawakumsingizia. Mtaa wao ulikuwa na udugu na mtaa mmoja wa ng'ambo, wananchi kwa wananchi, bila serikali kutia mkono, na kila mwaka kwa miaka tisa wageni walileta mafunzo na vyeti vyake. Alifunzwa uongozi. Akafunzwa kuwafunza wenzake uongozi. Akafunzwa kunawa mikono, yeye ambaye mama yake hakuwahi kumpa chakula kabla hajanusa viganja vyake. Alifunzwa hata kusikiliza, siku tatu mfululizo, na mwenyekiti akazungumza peke yake siku zote tatu.

Mwenyekiti huyo, karani mstaafu, ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kugawa shida. Wiki moja kabla ya wageni kufika aliwaita watu ukumbini na kumpa kila mmoja shida yake ya kuieleza, maana wageni, alisema, hawana muda wa kusikiliza shida za ovyoovyo. Ni lazima zifanane na mada ya mwaka. Seremala mzee, ambaye wajukuu kumi na mmoja walikuwa wakimpanda mgongoni karibu hata akiwa chooni, alipewa upweke wa uzeeni. Alikuwa ameulilia vizuri sana mwaka jana, hivyo akaombwa aurudie. Kinyozi, mtu ambaye hakunyoi mpaka akusimulie ukoo wake mzima, alipewa kukosa ujasiri wa kusema. Mama Vyeti akaangukiwa na ukosefu wa masoko, wakati wateja walikuwa wakimfuata hadi misibani kudai nguo zao.

Aliuliza kwa adabu kama angeweza kubadilishiwa apewe mtaro.

"Mtaro haumo kwenye mada, mama," mwenyekiti akamjibu. "Mada ni Sauti Yangu. Mwakani huenda ikaja miundombinu."

"Mwakani mjukuu wangu atakuwa ameshajua kuogelea," akasema, akaketi.

Siku ikafika. Mgeni mkuu alikuwa mama wa makamo aliyevaa mabuti, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, cha polepole lakini kilichonyooka. Kwao, alieleza, alikuwa msimamizi wa mitaro ya mji kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiirudia shida yake kimoyomoyo isije ikampotea. Seremala akalia upweke wake, wajukuu watatu wakimchungulia dirishani. Mama Vyeti alipoona yale machozi, hasira ilimpanda. Zamu yake ilipofika, ukosefu wa masoko ukagoma kutoka.

"Masoko ninayo, dada yangu," alisema. "Nisichokuwa nacho ni mtaro. Maji yanaingia anapolala mjukuu wangu."

Mwenyekiti akakohoa. Mgeni akaweka kalamu chini. Akauliza kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji mkubwa wa chini ni hatua ngapi, akaambiwa themanini. Akauliza udongo ni wa namna gani, akaambiwa laini. Akahesabu kwa vidole.

"Ni kazi ya watu thelathini na majembe, siku moja," akasema. "Hapa ukumbini mko wangapi?"

Mama Vyeti aliwahesabu kwa macho: arobaini na wawili, kwenye viti vilevile, mwaka wa tisa huu. Aliona haya, haya ya kweli, kwa kuwa naye alikuwa mmoja wao. Kinyozi, aliyekuwa amekosa ujasiri asubuhi nzima, akanyoosha mkono kuuliza kama kutakuwa na mafunzo ya kuchimba. Mwenyekiti akaahidi kuunda kamati ndogo. Alasiri wageni wakaondoka.

Kesho yake asubuhi Mama Vyeti alishika jembe akaanza kuchimba mlangoni kwake. Majirani wakajaa, mikono kifuani. Kinyozi akataka kujua huu ni mradi wa nani na mfadhili ni yupi. Tusi lilikuwa limeshamfika Mama Vyeti kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliwatazama wale watu, akaona jinsi macho yao yalivyokuwa yakizunguka yakitafuta kitu, na watu wake aliwajua. Akaingia ndani, akachana ukurasa kwenye daftari la vipimo, akapiga mistari: jina, namba ya simu, sahihi. Akauweka juu ya kigoda pamoja na kalamu.

"Mahudhurio haya hapa," akasema.

Wakapanga foleni. Kila aliyetia sahihi alielekezwa akachukue jembe lake nyumbani, na aliyekwisha kutia sahihi angekataaje? Ilipofika adhuhuri walikuwa wamekwenda hatua arobaini. Kinyozi akauliza soda zinagawiwa saa ngapi. Akaonyeshwa mtungi wa maji. Akanywa, akanung'unika, akarudi shimoni.

Jua lilipopinda alitokea mwenyekiti, shati limenyooka kwa pasi, kuulizia shughuli gani inafanyika mtaani bila yeye kujua. Aliitaka ile karatasi kwa ajili ya ripoti. Mama Vyeti akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akaisoma juu hadi chini, majina thelathini na moja, lake halimo. Akashika kalamu, akajiandika juu kabisa, kabla ya namba moja, akatia sahihi yake ndefu.

Mama Vyeti akamkabidhi jembe.

"Zimebaki hatua kumi na mbili, mwenyekiti," akamwambia. "Vua viatu."