Sifuri ya Bi Nélida

Mimi Ofelia sina subira na watu wanaojidai, na jirani yangu Nélida Bustingorri alijidai tangu siku ya kwanza ya darasa la kompyuta, pale kwenye klabu yetu ya wastaafu, hapa Rosario. Shule aliiacha darasa la tatu, akaenda kushona vifungo kiwandani. Sasa ana miaka sabini na mbili, na alituapia wote kwamba kozi hii harudii. Akifeli, anarudi kwenye cherehani yake na hatumwoni tena.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kuandika programu ya kutambua kapikua, yaani namba inayosomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma. Kwetu kapikua ni bahati; nani kati yetu hakukua akikagua namba ya tiketi ya basi kabla hata hajakaa? Mwalimu wetu Jimena, binti wa miaka ishirini na minne, alitaka kila mtu alete tiketi zake kuukuu kumi. Jibu moja likikosewa, unarudia kozi.

Njia ya Jimena ilikuwa kugawanya namba kwa kumi, kuchukua kinachobaki, na kuipanga upya kinyume. Mimi nilinakili kama ilivyo. Nélida hakuelewa kugawanya huko hata kidogo. Aliiambia kompyuta isome namba kama jina la mtu: alama ya kwanza ilingane na ya mwisho, ya pili na ile inayotangulia ya mwisho, basi.

Tiketi tisa zikapita! Nikajikuta napiga makofi, kinyongo chote kimeniisha. Ya kumi ilikuwa 04540. Kompyuta ya Nélida ikasema NDIYO. Ya Jimena, iliyotumika kusahihisha, ikasema HAPANA.

"Pole, Bi Nélida. Hapa umekosea."

"Nimekosea nini? Huna macho wewe?"

"Sifuri ya mbele haihesabiwi. Kwa kompyuta hiyo ni 4540, na ukiigeuza unapata 454."

Nélida akasimama.

"Sikiliza, mwanangu. Tiketi hii nilikatiwa na dereva mwenye masharubu. Akaniambia, dada, umepata kapikua, lazima tunywe kahawa. Nikanywa. Nikaolewa. Nikazaa watatu. Leo unaniambia haikuwa kapikua? Miaka arobaini na mitatu nampikia mtu kwa makosa?"

Darasa zima tukaangua kicheko. Jimena akaichukua tiketi, akaifuata kwa kidole kwenda, akaifuata kurudi. Akawa mwekundu hadi masikioni. Kisha akairudisha tiketi, akafuta njia yake ubaoni na kuandika ya Nélida.

"Bi Nélida amefaulu," alisema. "Mlionakili yangu, tutarudia pamoja."

Hata sikukasirika. Nélida alikuwa ameshafika mlangoni, alikokuwa akingojwa na mzee Aníbal, masharubu yakiwa meupe sasa, na chupa ya maji moto ya yerba mate, chai yetu ya hapa, kwapani.

"Vipi, umepita?"

"Tumepita, mzee!" Nélida akapiga kelele, akimpungia tiketi usoni. "Mimi na ndoa yetu!"