Ijumaa Kuu Bila Kengele

Shule yetu ilikuwa ya Wakatoliki, ya wavulana tu, na ilikuwa na kengele mbili. Ya kwanza ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya ofisi ya naibu mkuu. Hiyo ilikuwa ya vipindi na chakula, na sauti yake haikuvuka jikoni. Ya pili ilikuwa ya kanisani, nzito, ya shaba, na hata watu wa upande wa Ndara walidai kuisikia upepo ukiwa mzuri. Ilituita kwenye misa, na pia ilituonya kuhusu ndovu.

Hapo nieleze vizuri, maana watu wa bara nikiwasimulia hudhani nawafanyia mzaha, nami ni wa bara kama wao. Nyumba za wafanyakazi hazikuwa ndani ya ua wa shule. Zilikuwa ng'ambo ya mto mkavu, na kutoka huko hadi getini kulikuwa na njia ya miguu iliyopita katikati ya kichaka. Kiangazi kikikaza, ndovu walitoka mbugani kufuata maji ya tangi letu na kujificha papo hapo kichakani. Mlinzi akiwaona, alikimbia kanisani na kuvuta kamba mara tatu, polepole. Ukisikia hivyo ukiwa nyumbani, hutoki. Ukiwa shuleni, huendi nyumbani, hata kama umeacha maharagwe motoni. Ukiwa njiani, unasimama hapo ulipo na kunyamaza mpaka kengele ipigwe tena mfululizo. Mkuu wa shule alinifundisha hayo siku niliyoripoti, kabla hata hajanionyesha darasa.

"Na isipolia?" nilimuuliza.

"Isipolia, Madam, wewe tembea."

Tuliishi hivyo miaka mingi. Mwanzoni nilicheka, kisha nikaacha.

Hakuna aliyeiheshimu kengele ile kama metroni, mama aliyewauguza wavulana. Alikuwa Mdawida wa milimani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mcheshi kwa kila jambo isipokuwa hilo. Mjomba wake aliuawa na ndovu upande wa Kishushe yeye akiwa msichana mdogo. Kila asubuhi nilimkuta amesimama kizingitini pekupeku, viatu mkononi, kichwa kimeinama.

"Nasikiza kwanza," aliniambia. "Viatu vyapiga kelele."

"Metroni, siku moja utasahau kuvivaa, wavulana wakuone hivyo hivyo."

"Wacha wanione. Bora nifike."

Tangu korona ivuruge kalenda ya shule, hatukujua tena likizo itaangukia wapi. Miaka yote niliyokuwa pale, Pasaka ilitukuta makwetu. Mwaka huo ikatukuta shuleni, na mvua haikuwa imekuja. Ndovu walikwisha kung'oa bomba la bustani na kulaza waya wa ua. Asubuhi tulikuta kinyesi chao karibu na geti, bado kina mvuke. Mwalimu wa hisabati, aliyependa kuwatania ndovu kuliko sote, alianza kusubiri wenzake ndipo aende nyumbani.

Padri wetu alikuwa mgeni, kijana, mtu wa utaratibu. Kwenye mkutano wa walimu wa Jumatano Kuu alisimama akatukumbusha kanuni ya Kanisa: kuanzia wimbo wa Utukufu katika misa ya Alhamisi hadi Utukufu wa mkesha wa Pasaka, kengele hailii. Watu wataitwa kwa kibao cha mbao. Tulitikisa vichwa. Wengi wetu tuliijua kanuni hiyo tangu ubatizo. Naibu akauliza kuhusu chakula cha jioni. Mwalimu wa kilimo akauliza kama wavulana watapata samaki Ijumaa. Kuhusu ndovu hakuuliza mtu, wala mlinzi, aliyekuwa amekaa mlangoni na rozari shingoni, hakusema lolote. Desturi hizo mbili zilikuwa hazijawahi kukutana katika wiki moja, na kila mmoja wetu alizijua zote mbili bila kuziweka pamoja. Simtetei mtu. Nimemkasirikia kila mmoja wao kwa zamu, na hasira yenyewe haijaisha.

Alhamisi, baada ya misa, padri alipanda juu ya benchi akaikunja kamba na kuifunga kwenye boriti, mafundo juu ya mafundo, mtu asije akaivuta kwa mazoea.

Ijumaa Kuu ilikuwa kimya kuliko siku yoyote niliyowahi kuiona pale. Wavulana walikuwa wamefunga, mpira haukuchezwa, redio ya jikoni ilizimwa. Nilikuwa mwalimu wa zamu, na kimya kile hakikunipendeza. Nilidhani ni njaa.

Metroni alikuwa amekesha na wagonjwa. Adhuhuri alikwenda nyumbani kuoga, akaiacha simu yake ikipata chaji kwenye chumba cha wagonjwa, kwa sababu nyumba zetu hazikuwa na stima wiki hiyo.

"Narudi kwa ibada ya saa tisa," aliniambia. "Niwekee nafasi karibu na mlango, Madam. Miguu yaniuma."

Nikamwekea. Nilikunja leso yangu nikaitandika mwisho wa benchi, na mvulana yeyote aliyeikaribia nilimkazia macho.

Wavulana walipokwisha kuketi, mlinzi aliingia mbio. Alifika chini ya boriti, akainua mkono, na mkono ukabaki hewani. Alitazama juu kwenye mafundo. "Ndovu jike na mtoto wake," akasema, "wako njiani." Kisha akachukua kibao akatoka nacho, akikigonga kwa nguvu zake zote kuelekea getini. Sauti ilikufa pale pale jikoni. Ng'ambo isingefika hata nusu yake.

Nilipiga simu ya metroni. Niliisikia ikilia dirishani kwa wagonjwa, ng'ambo ya uwanja. Sauti ya mvulana ikajibu, "Halo, metroni ameenda nyumbani."

Padri alitoka sakristia, alikokuwa akivaa, na kanzu yake nyekundu. Sikumpa heshima wala salamu. "Fada, fungua kamba! Metroni yuko ng'ambo, na ndovu wamesimama njiani. Hiyo kengele ndiyo inayotuzuia kutoka."

Alinitazama. "Mbona hamkuniambia?"

Alikuwa tayari juu ya benchi. Mafundo yake yalikataa. Mpishi akaleta kisu cha nyama, padri akaikata kamba, akairukia, na kengele ikalia siku ya Ijumaa Kuu, mara tatu, polepole, kama nilivyomwelekeza.

Nilikimbilia ngazi za kanisa. Kutoka pale huoni mwanzo wa njia wala mwisho wake, unaona katikati tu. Metroni alikuwa hapo katikati, na gauni lake jeupe la Jumapili. Alisimama. Aliinama akavua viatu, akavishika mkononi, akainamisha kichwa kusikiliza. Alifanya kila kitu alichofundishwa.

Ndovu jike alikuwa nyuma ya mti wa mswaki uliokuwa mbele yake kidogo. Sisi tulimwona mgongo, metroni hakuweza. Nilifungua mdomo nimwite, na mkuu wa shule akanishika bega: "Usipige kelele, utamshtua yule mnyama." Sijui kama alikosea. Sijui kama asingesimama angepita salama. Nimelala na swali hilo nikaamka nalo, na hakuna aliyenipa jibu. Mtoto wa ndovu alitoka kwanza, akamwendea metroni kama anayetaka kumnusa. Mama yake akamfuata. Yaliyobaki sitayasimulia. Alikuwa rafiki yangu, na inatosha.

Jioni hiyo askari wa wanyamapori walikuja, na mlinzi alimpa mkuu wa shule viatu viwili vyeusi, bado vimeshikana. Padri alikaa kwenye benchi langu, kando ya leso, mpaka giza likaingia. Sikumfukuza wala sikumfariji.

Jumamosi jioni ibada ya mkesha ilifanyika kama kawaida, maana wavulana mia kadhaa huwezi kuwaambia Pasaka imeahirishwa. Kipande cha kamba kilikuwa kimeungwa. Padri alianzisha Utukufu kwa sauti iliyokatika, taa zikawashwa, mlinzi akavuta kengele kwa furaha ya ufufuko inavyotakiwa, mfululizo, kengele ile ile ambayo siku zote ilitwambia njia iko wazi.

Wavulana waliimba. Sisi wafanyakazi wa ng'ambo hatukuimba. Naibu, mwalimu wa hisabati, mwalimu wa kilimo, sote tulikuwa tumegeukia madirisha. Mpishi, aliyeketi palipokuwa na leso yangu, alinishika mkono akanong'ona:

"Wako upande gani, Madam?"

"Hakuna ndovu," nikamwambia. "Ni Pasaka."

Ibada ilipokwisha, padri alitubariki na kutuaga tuende kwa amani. Mlango ulikuwa wazi, njia ilikuwa tupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka.